Maswali ya Wasomaji: Hukumu ya Dakika ya Kwanza

Tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu namna tunavyopimana kwa kabila, nchi, mavazi na lafudhi. Tumechagua barua sita. Nyingine zimejibiwa kwa kirefu, nyingine kwa kifupi, kadiri kila moja ilivyodai.

Nina duka la hadiwea na ninataka kuajiri wauzaji wawili. Siku zote humjua mtu akiingia tu mlangoni, lakini mwaka jana nilikosea mara mbili. Niliyempenda aliniibia, na niliyemkataa kwa kuogopa "hasira za watu wa kaskazini" leo ndiye anayemwendeshea mwenzangu duka zima. Safari hii nifanyeje intavyu?
*Mama Mwenye Duka, Mbarara*

Mama, hisia hiyo itaendelea kukujia, na huna haja ya kujilaumu. Mwaka 2006 watafiti Janine Willis na Alexander Todorov waliwaonyesha watu picha za nyuso kwa sehemu ya kumi ya sekunde tu, na muda huo uliwatosha kuamua nani mwaminifu na nani hodari. Walipopewa muda mrefu zaidi, hukumu zao zilibaki karibu zile zile, ila walizidi kuziamini. Hapo ndipo penye hatari. Solomon Asch naye alionyesha tangu 1946 kwamba sifa ya kwanza unayoisikia huzitia rangi sifa zote zinazofuata. Mtu akitajwa kuwa na akili na bidii, kisha mkaidi na mwenye wivu, msikilizaji humwona mtu wa maana mwenye kasoro kidogo. Orodha ile ile ikigeuzwa, huonekana mtu wa matatizo.

Kwa hiyo ipange kazi ya kuajiri hivi kwamba hisia haipati nafasi ya kuamua peke yake. Anza na duka lenyewe. Andika mambo manne au matano ambayo muuzaji wako lazima ayaweze: kuhesabu mali, kuandika risiti bila kosa, kumtuliza mteja anayerudisha bidhaa, kutofautisha misumari ya mbao na ya mabati, kufungua duka saa moja asubuhi. Yasiyo kwenye karatasi hiyo usiyapime.

Kisha zisome barua za maombi bila kuona jina, wilaya, dini wala picha. Hapa Uganda jina peke yake linatosha kukupeleka mbali. Ukisoma Okello umeshafika Gulu au Lira, ukisoma Mugisha umebaki huko huko kwenu, ukisoma Namukasa uko Buganda. Mwambie mtu mwingine afunike sehemu ya juu ya kila barua na kuipa namba. Si sisi tu tunaodanganywa na majina. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma maombi ya kazi yenye sifa zinazolingana kwa waajiri wa Boston na Chicago, na yale yenye majina yanayosikika kuwa ya Wazungu yaliitwa kwa takriban asilimia 50 zaidi. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ni ya lazima, tunajua, lakini iombe mwisho, ukishaamua, maana nayo inataja kijiji.

Siku ya intavyu waulize wote maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, na uliza waliyoyatenda: "Nieleze siku pesa za droo zilipokataa kulingana na risiti. Ulifanya nini kwanza?" Ukiuliza "ungefanya nini", kila mmoja atakujibu kama malaika. Kila jibu lipe alama 1 hadi 5 papo hapo, kabla hujauliza linalofuata. Halafu toa jaribio la dakika 20: rafu moja, aina 20 za bidhaa, daftari na kalamu, ahesabu na kuandika. Akimaliza, mwendee kama mteja uliyechukia, unarudisha kufuli isiyofunga. Tazama kama anaomba risiti, kama anaijaribu kufuli mbele yako, kama anapandisha sauti. Kama watu wa kaskazini wana hasira au hawana, jaribio hilo litakuonyesha huyu mmoja aliye mbele yako, na ndiye utakayemlipa mshahara.

Utaratibu huu huharibiwa na mambo matatu. Soga za mwanzo, "kwenu ni wapi, unamfahamu fulani?", humpa mtu wa kwenu alama kabla ya swali la kwanza, zihamishie mwisho. Wasaili wawili wakinong'onezana kabla kila mmoja hajaandika alama zake, mwenye sauti kubwa hushinda. Na lililo baya zaidi ni kubadilisha uzito wa alama baada ya kuona kwamba aliyeongoza si uliyempenda. Uzito uandike siku moja kabla na uutie sahihi.

Kuhusu wizi, uaminifu hausomeki usoni. Wapigie simu waajiri wawili wa zamani, kisha weka desturi ya watu wawili kuhesabu droo kila jioni. Na ukumbuke kwamba kumnyima mtu kazi kwa kabila lake ni kuvunja sheria: Ibara ya 21 ya Katiba ya 1995 inakataza ubaguzi wa kabila, na Sheria ya Ajira ya 2006 nayo inawakataza waajiri kubagua.

Natoka Nakuru, ninasimamia hoteli ndogo hapa Kampala. Nikimwuliza mfanyakazi swali ananitazama tu bila kujibu. Kijana nikimsemesha anatazama chini, nami nahisi ananificha kitu. Wasichana wananipigia magoti mpaka naona haya. Nasoma vipi haya yote?
*Meneja, Kampala*

Kaka, huenda ulijibiwa bila kujua. Hapa mtu akiinua nyusi zote mbili kwa haraka, pengine na "mm" ndogo ya puani, amesema ndiyo. Wewe ulikuwa unangoja neno. Mwangalie mfanyakazi wako usoni kwa wiki moja kila unapomwuliza swali la ndiyo au hapana, na utaanza kuziona hizo nyusi. Jambo likiwa la hesabu ya pesa au la afya ya mgeni, mwombe alirudie kwa maneno.

Kijana anayeinamisha macho mbele ya mkubwa anafuata malezi yake, hasa Buganda na magharibi, ambako kumkazia macho mzee ni ujeuri. Na macho si kipimo cha uongo popote duniani. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba watu hutambua uongo kwa usahihi wa takriban asilimia 54, yaani juu kidogo tu ya kurusha sarafu. Ukishuku kitu, kagua risiti na daftari la stoo.

Magoti ni salamu, na utayaona zaidi kwa wanawake wa Buganda na Busoga. Usimshike mkono binti kumwinua. Itikia salamu yake mpaka iishe, pokea unachopewa, shukuru. Kama hutaki wafanyakazi wako wapige magoti wanapohudumia wageni, liseme kwenye kikao cha asubuhi, kwa upole, ukimwachia kila mmoja uhuru wake. Usiliseme mgeni akiwa mezani. Wala usimwone asiyepiga magoti kuwa hana adabu. Wengi mjini hukunja goti kidogo tu au hawafanyi kabisa.

Nao wanakupima pia, kaka. Kuingia jikoni na "nipe funguo za stoo" kabla ya kuulizana mlivyoamka kunasikika hapa kama amri ya polisi. Salimia, ngoja majibu, taja "ssebo" (bwana) au "nnyabo" (bibi), halafu omba. Inachukua nusu dakika. Na ukifika Fort Portal au Hoima, mwenyeji anaweza kukuuliza empaako yako, jina la heshima na mapenzi ambalo Watooro na Wanyoro huitana katika salamu. Majina hayo ni 12 tu, kama Amooti, Akiiki, Adyeri na Abwooli, na mojawapo, Okaali, ni la mfalme. UNESCO iliiweka desturi hiyo mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mgeni naye anaweza kupewa. Ukipewa, likariri na ulitumie.

Mnatuambia tusiwahukumu watu kwa makabila, lakini si kweli kwamba panapofuka moshi pana moto? Watu wa kaskazini kweli walikuwa wengi jeshini. Wahindi kweli ndio wenye maduka.
*Msomaji, Jinja*

Moto upo, lakini uliza ni nani aliyeuwasha. Serikali ya kikoloni iliandikisha askari zaidi kaskazini huku ikihimiza pamba na kahawa kusini, na vibarua wengi wa mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi wakatoka West Nile, kaskazini-magharibi. Kijana wa Acholi wa wakati huo alikuwa na mlango mmoja wa kupata mshahara uliowekwa wazi mbele yake. Miaka mingi baadaye watu waliutazama mlango huo wakasema ni damu yao. Wahindi nao walikuta sheria na mikopo ya enzi hiyo vikiwasukuma kwenye biashara na kuwaweka mbali na ardhi. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa siku 90 waondoke, na hata aliyekuwa fundi au mwalimu akahesabiwa kuwa mfanyabiashara mnyonyaji.

Idadi inaweza kuwa ya kweli na hitimisho likawa la uongo. Hata kama watu 6 kati ya 10 wa kundi fulani wana jambo fulani, aliyesimama mbele yako anaweza kuwa mmoja wa wale wanne, na huna njia ya kujua mpaka umwulize.

Mimi ni mwalimu, Msoga wa Iganga. Nimepangiwa shule ya msingi wilayani Kotido. Nyumbani wananililia kama niendaye vitani: Wakaramoja wakali, hawataki shule, hawabadiliki. Nijiandae vipi?
*Mwalimu, Iganga*

Mwalimu, hongera kwa kazi, na kwanza livunje hilo neno "Wakaramoja" vipande vipande. Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, ina wilaya tisa. Kotido unakokwenda ni kwa Wajie. Wadodoth wako Kaabong na Karenga, Wamatheniko Moroto, Wabokora Napak, Wapian Nakapiripirit na Nabilatuk. Amudat ni ya Wapokot, wenye ndugu zao upande wa pili wa mpaka wa Kenya. Abim wanaishi Waethur, ambao ni wakulima na lugha yao ni ya jamii ya Kiluo. Aliyekuambia kwamba wote ni wafugaji wanaohamahama hajafika Abim.

Milimani, mpakani mwa Kaabong, wanaishi Waik, na kisa chao kinafaa kila mwalimu akijue. Colin Turnbull, mtafiti wa mila, alikaa nao katikati ya miaka ya 1960. Bonde la Kidepo walilokuwa wakiwinda lilikuwa limefanywa hifadhi ya taifa mwaka 1962, na njaa ilikuwa kali. Mwaka 1972 aliandika kwamba ni watu wasio na upendo wala huruma, na dunia ikamwamini. Mwanaisimu Bernd Heine, aliyeisoma lugha yao, alikwenda baadaye na mwaka 1985 akaeleza makosa mengi ya taarifa ile, na utafiti wa Cathryn Townsend na wenzake wa 2020 ulikuta Waik wakigawana kama watu wengine. Mtu mmoja aliwaona wenye njaa katika mwaka wa njaa, akaandika kwamba hiyo ndiyo tabia yao, na doa likawakaa miongo mingi.

Kuhusu shule: mwaka 1998 ulianzishwa mpango wa elimu uitwao ABEK, wenye masomo ya alfajiri kabla mifugo haijatoka na ya jioni ikisharudi, karibu na manyata. Watoto waliokuwa wakisemwa hawataki shule walikuja kusoma. Kengele ya saa mbili ndiyo iliyokuwa ikigongana na kazi yao. Usalama ni suala la kweli, hatutakuficha. Wizi wa mifugo upo. Muulize mwalimu mkuu siku ya kwanza njia zipi hazipitwi jioni. Hiyo ni habari ya njia na saa. Haikuambii chochote juu ya mtoto aliyekaa dawati la mbele.

Sasa chukua daftari, kila ukurasa uugawe safu tatu, ulitumie wiki sita za mwanzo. Safu ya kwanza andika ulichokiona au kukisikia tu. Ya pili, ulivyokitafsiri. Ya tatu, maelezo mengine mawili yanayowezekana. Mfano:

Safu ya kwanza: "Hakuja Jumatatu hadi Jumatano. Alhamisi amekuja, miguu imejaa vumbi, saa nne amesinzia."
Safu ya pili: "Hapendi shule."
Safu ya tatu: "Alipeleka ng'ombe maji ya mbali. Au ametembea toka alfajiri bila kula."

Ijumaa kaa na mwenyeji mmoja unayemwamini, mwalimu mwenzako au mpishi wa shule, umsomee safu ya kwanza na ya tatu. Ya pili iache daftarini. Ukimsomea tafsiri yako atakubaliana nawe kwa heshima tu, na hutajifunza kitu.

Wengi hukosea kwa kuingiza tafsiri katika safu ya kwanza. "Alikuwa na kiburi" si kitu kilichoonekana. "Alinyamaza nilipomwuliza jina la baba yake" kimeonekana, na kinaweza kuwa na sababu nzito. Kila neno la safu ya kwanza lijaribu hivi: je, kamera ingelinasa? Kama isingelinasa, lihamishe. Pia rudi nyuma kila baada ya wiki mbili, utie alama ya vema palipothibitika tafsiri yako na mkasi palipokataa. Bila kuhesabu, kichwa hukumbuka pale tu kilipopatia.

Na ujifunze salamu kabla ya kupanda basi. "Ejoka" itakufungulia mlango wa kwanza.

Mimi ni Mkongomani, naishi Nsambya. Nikifungua kinywa kwa Kiswahili, sura za watu hufunga. Dukani wananiangalia kama mwizi au askari. Kikundi chetu cha vijana, wenyeji na wakimbizi, kinataka kufanya siku ya utamaduni ili tuelewane. Itasaidia?
*Kijana, Kampala*

Ndugu yetu, kinachofunga sura hizo kina umri mkubwa kuliko wewe. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika jeshi la kikoloni, na jeshi la baada ya uhuru likaendelea nacho. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na watu wa miaka ile walikisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani: leta kitambulisho, toka, lala chini. Mama wa miaka 60 anayekuuzia nyanya huenda alikisikia mara ya kwanza hivyo. Sheria zimekwenda mbele: marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Masikio huchelewa. Tororo, Busia au Arua hungeona shida kubwa hivi.

Sokoni anza kwa salamu ya Kiluganda, "Mwasuze mutya", hata kama ndiyo yote unayoijua, kisha uombe ruhusa: "Naomba tuongee Kiswahili, mama." Acha vitenzi vitupu vya amri. "Naomba nyanya za elfu mbili" husikika tofauti kabisa na "lete nyanya". Shusha sauti kidogo, kwa maana Kiswahili cha Kongo kina mwendo wa kasi ambao hapa hudhaniwa ugomvi. Hayo ni ya salamu tu. Hatukuambii ufiche ulikotoka.

Siku ya utamaduni peke yake, kwa maoni yetu, itawachosha bure. Mtacheza ngoma, mtapika sombe na matooke, mtapiga picha, kisha kila kundi litarudi upande wake likiwa na picha ile ile, sasa ikiwa na rangi. Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana kunapunguza chuki pale watu wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, kazi ya kushirikiana, na baraka za viongozi. Tengenezeni kitu chenye hayo manne. Kikundi cha akiba kinafaa sana: watu 20, wenyeji na wakimbizi nusu kwa nusu, mchango sawa kila wiki, na sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikishikwa na watu watatu wa makundi tofauti. Mwenyekiti akiwa mwenyeji, mweka hazina awe mkimbizi, na mwakani wabadilishane. Mwalikeni mwenyekiti wa LC1 siku ya kufungua sanduku. Kinachoua vikundi vya namna hii ni kuwapa wenyeji vyeo vyote na wakimbizi viti vya nyuma. Hapo mnakuwa mmeifundisha tena dhana mliyotaka kuiondoa. Ngoma zichezwe siku ya kugawana.

Nina vyumba vya kupangisha Kansanga. Nilimwambia binti wa Sudan Kusini kwamba chumba kimechukuliwa, kumbe kilikuwa wazi. Niliambiwa watu wake wana fujo. Nasikia bado anabanana kwa rafiki, na chumba kingine kimefunguka. Nimrudie vipi?
*Mama Mwenye Nyumba, Kansanga*

Mama, mwendee wewe mwenyewe, usimtume mlinzi. Litaje ulilolifanya kwa maneno mawili matatu: "Nilikudanganya kuhusu chumba kwa sababu ya nchi yako. Nilikosea. Samahani." Usiongeze kwamba umesikia yeye hafanani na wenzake, maana hapo unamsifu yeye na kuwatukana mama na dada zake. Usingoje akutulize wala akuambie hakuna neno.

Chumba mpe kwa masharti ya wapangaji wengine. Kama wao walitanguliza kodi ya miezi mitatu, naye mitatu. Usimdai sita kwa kumwogopa, wala usimpunguzie kwa aibu yako. Mwandikie risiti yenye tarehe, mwonyeshe namba ya mita ya Yaka na namna ya kuingiza umeme, mwambie geti linafungwa saa ngapi na takataka hutolewa siku gani. Akikataa, ni haki yake, usimfuate tena. Na vyumba vitakavyobaki, bandika getini karatasi yenye bei na masharti yote, ili atakayekuja kesho asome kile kile alichosoma aliyemtangulia.